Ni Nani Atakayevirudisha Vitabu Rafuni?



Ndugu wasomaji, mwezi huu ukurasa wetu unazungumzia jambo lililoletwa mbele yetu na shule moja ya hapa Doha wanakosoma watoto wetu wengi. Shule hiyo inataka kuajiri msaidizi wa maktaba, nayo imewaomba wazazi watoe maoni juu ya sifa za mtu anayefaa. Sisi Waswahili tumeulizwa pia, kwa kuwa rafu mbili za maktaba hiyo zimejaa vitabu vya Kiswahili tulivyovichanga wenyewe, kimoja kimoja, katika mizigo ya watu waliotoka likizo Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Majibu yaliyonifikia mpaka sasa ni ya namna mbili. Wapo wasemao kwamba kazi yenyewe ni kupangusa vumbi na kupiga mihuri, basi na apewe yeyote mwenye shida, na kila mmoja wao ana mpwa wake. Wapo wengine wasemao kwamba hapana haja ya kumlipa mtu, akina mama watashika zamu. Kwa heshima zote, naona pande zote mbili zimeipima kazi hii kwa kibaba kisicho chake.

Tuanze na kazi yenyewe. Kitabu kilichoibwa tunajua kwamba kimekwenda, na fedha zikipatikana tutanunua kingine. Ama kitabu kilichowekwa mahali pasipo pake, hicho kimo katika orodha, kimo ndani ya nyumba, na hapana awezaye kukiona. Mtoto huja akakiuliza, akaambiwa kipo, akakitafuta, asikipate. Akirudi mara ya pili hali ikawa ile ile, mara ya tatu hatauliza tena kitabu cha Kiswahili. Atachukua cha Kiingereza kilicho mbele yake. Sisi tutakaa nyumbani tukilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi lugha yao.

Maktaba nyingi za shule hupanga vitabu kwa nambari za Mmarekani Melvil Dewey, aliyeutoa mpango wake mwaka 1876. Katika mpango huo Uislamu umepewa 297, na baada ya nukta hufuata tarakimu zinazozigawa fani: Qur'ani ni 297.122, tasawwuf ni 297.4, na sira ya Mtume (S.A.W.) ni 297.63. Mpe mtu asiyefunzwa vitabu hivi vitatu avipange, na aghalabu ataanza na 4, kisha 63, kisha 122, kama ahesabuye mbuzi zizini. Sivyo. Baada ya nukta tarakimu husomwa moja moja. 1 hutangulia 4, na 4 hutangulia 6, kwa hiyo Qur'ani ndiyo ya kwanza. Mtu asiyelijua hili ataivuruga rafu nzima katika wiki moja, na ataivuruga kwa nia njema kabisa, akitoka jasho. (Kwamba dini yetu yote imebanwa ndani ya nambari moja, ilhali Ukristo umetandazwa kutoka 220 hadi 280 na ushei, ni shauri jingine, tutalizungumza siku yake inshallah.)

Kuna na suala la majina. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyochapwa ikiwa kamili mwaka 1969, itafutwe katika A au katika F? Kwa kanuni za wakutubi ile "al" haihesabiwi, kwa hiyo ni F. Na Shaaban Robert je? Fahirisi ikimweka katika R, mtoto aliyezoea kumsikia akitajwa kwa jina lake la kwanza atamtafuta katika S, na pale ndipo anapohitaji mtu mzima aliye karibu, anayemjua Shaaban Robert ni nani, amshike mkono ampeleke. Kompyuta haitamsaidia mtoto asiyejua kuandika jina la anayemtafuta.

Wazee wetu wa kale hawakuidharau kazi hii. Mwanahistoria al-Maqrizi wa Misri ametuachia hesabu ya matumizi ya mwaka ya Dar al-Ilm, nyumba ya elimu na vitabu iliyofunguliwa Cairo mwaka 395 Hijria, yaani 1005 Miladia, kwa amri ya al-Hakim, Khalifa wa Kifatimi. Khalifa mwenyewe ana mengi ya kulaumiwa, lakini hesabu ile inastahili kusomwa na kila kamati ya shule. Karatasi za mwenye kunakili vitabu zilitengewa dinari 90. Mtunza vitabu alipewa 48. Farrashi, yaani mhudumu wa kutandika, kufagia na kutumika, alipewa 15. Maji yalikuwa dinari 12, na dinari 12 nyingine zilitengwa kwa kuvitengeneza vitabu vilivyochanika au kuachia kurasa. Mikeka ilikuwa 10, na hata ukarabati wa pazia uliandikiwa dinari yake moja. Tazama mpango wa watu wale. Farrashi hakupewa kingi, hakufikia hata theluthi ya mshahara wa mtunza vitabu, lakini fungu lake limeandikwa, kwa tarakimu, katika hesabu moja na mkuu wake. Hakuachiwa sadaka ya wapitao, wala hakuambiwa kwamba thawabu inamtosha. Vitabu vya historia vinamtaja pia munawil katika maktaba za Kiislamu za zama zilizofuata: mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukitoa kitabu mahali pake na kumkabidhi msomaji mkononi. Kazi hiyo ilikuwa na jina lake na cheo chake karne nyingi kabla ya Dewey kuzaliwa.

Na kwetu Afrika Mashariki, nchi zilipopata uhuru, waliosimamia maktaba walitambua mapema kwamba majengo na vitabu vinaweza kununuliwa, watu hawanunuliki. Sheria ya kuunda huduma za maktaba Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, na mwaka huo huo kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Makerere chuo cha ukutubi cha Afrika Mashariki nzima, ili vijana wasilazimike kwenda Uingereza kwa kila cheti. Mwalimu Nyerere alipoifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, kazi ya kuwafunza watumishi wake ilikuwa imeshatangulia. Baadaye, mwaka 1989, kikaja chuo cha Bagamoyo cha ukutubi na utunzaji wa nyaraka, ambacho kimewafunza wasaidizi hasa, wale wa rafuni na wa mezani. Nayasema haya ili mzazi atakapoona ombi la kazi lenye cheti cha Bagamoyo asilitupe chini ya rundo akidhani ni cheti cha kujipamba. Mwenye cheti hicho ameshafundishwa kwamba 122 hutangulia 4.

Lakini cheti peke yake hakitoshi, wala si kila mtumishi muhimu wa maktaba ni mwenye cheti. Mwaka 1996 huduma ya maktaba za taifa ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa, kwenye makazi ya wafugaji ambako gari haliwezi kuupita mchanga. Ngamia mmoja alibeba masanduku mawili yenye vitabu kama 400, mwingine akabeba hema la kuwakinga wasomaji na jua. Pamoja na mkutubi ilibidi awepo mchunga ngamia. Huyo hakuulizwa habari za Dewey. Aliulizwa kama anaijua njia, anawajua ngamia wanapochoka, na anasemezana vipi na watu wa pale msafara utakapotua. Lau wangalimchukua mwenye shahada asiyejua kumpigisha ngamia magoti, vitabu vingalibaki Garissa mjini. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani aajiriwe, yafaa kwanza kujua njia ya vitabu hivi inapita wapi.

Hapa Doha njia hiyo haina mchanga. Qatar ilikuwa na Dar al-Kutub yake tangu mwaka 1962, miongoni mwa maktaba za umma za mwanzo katika Ghuba, na Maktaba ya Taifa ya sasa, iliyosanifiwa na Mholanzi Rem Koolhaas, ilifungua milango mwaka 2017 na kuzinduliwa rasmi mwezi wa Aprili 2018. Ina vitabu zaidi ya milioni moja, na treni ya mstari wa kijani inakushusha hapo hapo. Mwenye watoto ambaye hajawapeleka hana udhuru. Humo kitabu kinachorudishwa hupokewa na mtambo, ukakisoma, ukakipeleka katika fungu lake. Wengine wakiuona hudhani kwamba zama za wahudumu zimekwisha. La hasha. Mtambo hukifikisha kitabu kwenye fungu. Kutoka hapo hadi rafuni ni mkono wa mtu. Na shule yetu haina hata huo mtambo, ina toroli moja yenye gurudumu bovu.

Jambo moja la mji huu lazima litajwe. Taasisi nyingi za hapa haziwaajiri wenyewe walinzi na wasafishaji wao. Huwakodi kutoka makampuni ya kazi, na kampuni ikipenda huwahamisha. Aghalabu mlinzi wa mlangoni ni kijana wa Kenya au Uganda, na pengine ndiye mtu pekee katika jengo zima anayeweza kumjibu mwanao kwa Kiswahili. Akishawajua watoto kwa majina na kujua nani hupenda hadithi za wanyama na nani hutafuta picha za majahazi, mwezi unaofuata amepelekwa kulinda benki. Ndiyo maana naiomba shule imwajiri msaidizi huyu yenyewe, kwa mkataba wake yenyewe, asiletwe kwa kukodiwa. Faida ya mhudumu wa maktaba huanza kuonekana pale anapokaa.

Naye hakai asipolipwa. Tangu mwezi wa Machi 2021 sheria ya Qatar imeweka kima cha chini cha mshahara kuwa riyali 1,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, pamoja na riyali 500 za malazi na 300 za chakula ikiwa mwajiri havitoi. Hicho ni kima cha chini, na anayeujua mji huu anajua kinafika wapi. Tena, tangu mwaka 2020 mfanyakazi anaweza kuhama bila idhini ya mwajiri wake wa kwanza, akitoa taarifa kama sheria inavyotaka. Basi shule itakayompa msaidizi kile cha chini kabisa itakuwa imemfunza mtu kwa ajili ya shule nyingine.

Ama akina mama na zamu zao, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Bila wao rafu zile mbili zisingalikuwapo. Lakini mtu wa kujitolea haulizwi kwa nini hakuja. Mtoto akiugua, mgeni akishuka uwanja wa ndege, zamu imevunjika na mlango umefungwa, na hapana wa kulaumiwa. Wawepo kwa kusoma hadithi na watoto, jambo ambalo hapana mwajiriwa atakayelifanya vizuri kuliko wao. Ufunguo uwe kwa mtu mmoja mwenye mshahara.

Sasa namna ya kumpata. Mahojiano ya kukaa mezani na kuulizwa "kwa nini unaipenda kazi hii" hayana maana kubwa. Kila mtu ana jibu lake la kukariri. Apewe toroli yenye vitabu ishirini vilivyochanganywa, vya Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili, avirudishe, kisha tuhesabu vilivyokwenda sawa. Asitazamwe saa. Mwenye haraka anayekosea vitatu atatugharimu zaidi ya mpole asiyekosea. Atazamwe anavyoushika msahafu: je, anaulundikia vitabu vingine juu yake, au anautafutia mahali pa juu? Ikiwa si Mwislamu, asikataliwe kwa hilo. Aambiwe mara moja, kisha atazamwe tena. Halafu aletwe mtoto wa darasa la pili, mwenye haya, amwombe kitabu ambacho hakumbuki jina lake ila kina sungura na kisima. Mtahini mkubwa ni huyo. Akimwinamia na kumuuliza sungura alifanya nini, tumepata mtu. Akimwonyesha kompyuta kwa kidole, mshukuruni kwa kuja kwake.

Kuhusu lugha, yapo maoni kwamba lazima awe Mswahili. Ningefurahi, lakini silazimishi. Maktaba ni ya watoto wote wa shule ile, na rafu zetu ni mbili tu. Linalolazimu ni kwamba aweze kuyasoma majina ya vitabu vyetu bila kuyaumiza, na hilo linafundishika kwa wiki mbili. Wapo kati yetu wanaoweza kumfundisha. Mwanamke angefaa zaidi kwa sababu ya wadogo na mama zao, na hapa najua baadhi ya wazee wenzangu hawatakubaliana nami.

Maoni yenu yaandikwe, yatiwe katika bahasha na kukabidhiwa kwa mwalimu wa darasa la mwanao kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenye kutaka kulipeleka jina la mpwa wake na alipeleke, ila amwambie kabisa nyumbani ajizoeze na 297.122.

Wassalaam.