GARI KUUKUU LA DIZELI: MSAADA AU MZIGO KWA MFANYAKAZI?



Huku kwetu Kyebando, kutoka Kisalosalo hadi ukingoni mwa barabara ya Northern Bypass, mazungumzo ya wafanyakazi wakishatoka kazini yamekuwa ni ya kununua gari. Si gari jipya, maana hilo si la mshahara wetu, bali gari dogo lililokwisha kutumika, la injini ya dizeli. Wanaolisifu husema kwamba linakula mafuta kidogo na halifi upesi. Wanaolipinga husema kwamba gari ni ubwana, na mfanyakazi anayelitafuta amekwisha kuwasahau wenzake. Sisi hatuwaungi mkono hawa wala wale. Gari hilo tumelinunua, limetuumiza, na hata leo tunalo. Kwa hiyo tunayo haki ya kusema.

Sisi ni watano, na tunafanya kazi kwa zamu katika viwanda vya upande wa Namanve. Mtu wa Kyebando akitaka kufika Namanve kwa teksi za abiria, hana budi kwanza kushuka mjini, kisha apande nyingine ya barabara ya Jinja. Analipa nauli mbili kwenda na mbili kurudi, na anapoteza saa za usingizi. Zamu ya usiku ikitoka, teksi ni za kubahatisha na nauli ya bodaboda hupanda kama apendavyo mwenyewe. Lakini Northern Bypass inapita hapa hapa mlangoni petu. Ina kilomita 21 kutoka Busega hadi Bweyogerere, na kutoka Bweyogerere Namanve si mbali. Mwenye gari huenda kilomita kama 15 tu. Ndiyo maana tuliamua kuchanga fedha. Haikuwa fahari, ilikuwa ni hesabu ya nauli.

Basi na tuitazame hesabu hiyo. Kilomita 15 kwenda na 15 kurudi ni 30 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni kilomita 780 kwa mwezi. Gari letu, Toyota Corolla ya injini ya 2C, hutembea kama kilomita 14 kwa lita moja, yaani lita 56 kwa mwezi. Tukiiweka lita kwa shilingi 5,000 ili hesabu iwe nyepesi, ni shilingi 280,000, na kwa watu watano ni 56,000 kila mmoja. Gari la petroli linalotembea kilomita 10 kwa lita lingekula lita 78. Faida ya dizeli basi ni lita 22, yaani shilingi 110,000 kwa mwezi. Hapo ndipo wengi wanapofunga daftari na kukimbilia kwa muuzaji. Na sisi tulifanya hivyo hivyo.

Tulilosahau ni kwamba faida hiyo imekopwa kwa injini, na injini hudai. Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche za plagi. Huubana upepo ndani ya silinda kwa nguvu nyingi mpaka uwe moto wa kutosha kuyawasha mafuta yenyewe. Kwa sababu ya nguvu hiyo, vyuma vyake ni vizito na huweza kudumu miaka mingi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo pampu ya dizeli na nozeli zake ni vyombo vya usahihi mkubwa, na pampu moja ikiharibika hula akiba ya miezi mingi. Mtu anayekwenda na gari lake sokoni Kalerwe na kurudi hatapata faida yoyote kwa dizeli. Afadhali achukue la petroli, au aende kwa miguu.

Tena ni lazima tujue magari haya yametoka wapi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Hizi Corolla na Corona za dizeli tunazozipenda ni za miaka ya themanini na tisini. Kwa hiyo zilizopo ni zile zilizokwisha kuingia zamani, nazo zimepita mikono mingi. Saa ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma na fundi yeyote mwenye bisibisi. Vipuri vingi tunavyonunua Kisekka vimetolewa katika magari mengine yaliyokufa. Hatusemi kwamba ni vibaya vyote, tunasema kwamba mnunuzi ananunua pamoja na historia asiyoijua.

Sisi tulifika kwa muuzaji saa nne asubuhi. Injini ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na ilikuwa tayari inanguruma. Tulifurahi. Mtaani petu yupo mzee mmoja aliyeendesha malori ya Mombasa kwa miaka mingi, naye alituuliza baadaye: "Wanangu, mliikuta imelala au imeamka?" Tukajibu kwamba ilikuwa imeamka. Akatikisa kichwa. Injini ya dizeli huchunguzwa ikiwa baridi, kwa sababu ikisha kupata moto huficha maradhi yake.

Mwezi wa pili, kwenye mlima wa bypass, maji yalikwisha katika rejeta iliyokuwa imezibwa kwa gundi. Dereva wetu hakuitazama saa ya joto. Hedi ikapasuka. Injini za namna hii hazisamehi joto. Na hilo halikuwa baya kuliko yote. Michango yetu haikuwa imetosha bei, kwa hiyo sehemu iliyobaki tulikopa kwa mkopeshaji mmoja wa mjini, tukamwachia kadi ya gari kuwa rehani. Gari lilikaa gereji wiki sita, lakini riba haikukaa gereji. Tulilipa nauli za teksi, tukalipa fundi, tukalipa riba, yote kwa mshahara ule ule mmoja. Mwenzetu mmoja alimtoa mtoto shule muhula huo. Jambo hilo tunaliandika kwa aibu, lakini tunaliandika ili lisimpate mwingine.

Tuliokolewa na wenzetu. Chama chetu cha kuweka na kukopa kilitukopesha kwa riba ndogo, tukamlipa yule mkopeshaji, tukaichukua kadi yetu. Tangu hapo tumeweka masharti, nayo tunayatoa hapa kwa faida ya kila mfanyakazi.

Kwanza, usinunue peke yako kwa mkopo wa rehani ya gari lenyewe. Gari likifa, deni halifi. Nunueni kwa kikundi, na muandikishiane mbele ya mashahidi nani ametoa nini na atapata nini akijitoa.

Pili, fika kwa muuzaji alfajiri, uguse injini kwa mkono. Ikiwa ina moto, rudi kesho. Iwashe ukitazama moshi. Moshi mweusi mwingi ni nozeli chafu au kichujio cha hewa kilichoziba. Moshi wa samawati ni oili inayoungua, yaani ringi zimekwisha. Moshi mweupe unaoendelea hata baada ya injini kupata moto, na maji yanayopungua, ni dalili ya gasketi au hedi. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: ikipumua kwa nguvu kama mgonjwa wa pumu, ondokeni. Wala usiichunguze katika gereji iliyofungwa. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani, na mafundi wetu wanauvuta kila siku.

Tatu, bei ya kununua iwe nusu tu ya fedha mlizo nazo. Hiyo nusu nyingine ni ya mkanda wa taimingi, ambao katika injini ya 2C ndio unaoizungusha na pampu, ni ya rejeta, filta, oili, bima na matairi. Usiuamini mkanda uliomo, badilisha.

Nne, wekeni sanduku la gari. Sisi hubadili oili kila kilomita 5,000, yaani karibu kila miezi sita, na kila safari kila mmoja hutia kitu sandukuni kabla ya kukaa kitini. Nunueni dizeli mahali pamoja panapojulikana. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa haina ulaini wa kuilinda pampu, na urahisi wa siku moja huwa msiba wa mwaka. Mmwage pia maji yanayokusanyika chini ya filta.

Haya ni ya sisi wenyewe. Lakini liko jambo kubwa zaidi, na bila hilo makala hii isingekuwa na maana katika gazeti la chama.

Kwa nini mfanyakazi wa zamu ya usiku atafute gari? Kiwanda kinazihitaji saa zake za usiku, lakini safari yake ya usiku kinamwachia yeye na familia yake. Wenzetu wa mashamba ya miwa na chai, wanaobebwa juu ya matela ya trekta kama mzigo, wanaijua habari hii vizuri. Tulipopata gari, msimamizi mmoja alitupongeza, akasema sasa hatuna sababu ya kudai basi. Hapo ndipo tulipoona hatari. Jasho letu lililonunua Corolla lilitaka kugeuzwa kuwa silaha ya kuwanyima wenzetu haki yao. Watano tuliingia garini, na mamia walibaki barabarani.

Bei nayo haiko mikononi mwetu. Mwaka 2022 dizeli ilipita shilingi 6,000 kwa lita hapa Kampala, na mshahara wetu haukusogea. Hesabu yetu nzuri ya 56,000 ilivunjika kwa mambo yaliyotokea mbali kabisa na Kyebando.

Kwa hiyo tunasema hivi. Mfanyakazi ana haki ya kumiliki gari, na asionewe haya kwa hilo. Alinunue kwa akili, kwa pamoja, na bila mkopeshaji wa rehani. Lakini usafiri wa zamu ya usiku lazima uwe kifungu cha mkataba wa pamoja katika kila kiwanda na kila shamba, na wajumbe wetu waupeleke mezani kama wanavyopeleka mshahara. Sisi watano tutakuwapo siku hiyo, na gari letu tutaliacha nyumbani.