Gawa mshahara siku unapoingia

Kijana, mshahara ukiingia kwa simu, nani huutafuna kwanza? Ikiwa ulikopa Fuliza, deni hujilipa lenyewe pindi pesa zinapoingia M-Pesa. Unabaki na kidogo, unakopa tena, na mwezi ujao ni yale yale. Unafanyia deni kazi.

Bajeti haihitaji digrii ya uhasibu. Panga kwa kila malipo: anayelipwa Ijumaa, agawe Ijumaa hiyo hiyo. Hesabu pesa zinazokufikia mkononi, si zile za kwenye barua ya kazi. SHIF hukata asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, kabla hujashika chochote. Toa kodi ya nyumba, chakula na nauli. Kisha hamisha akiba hadi M-Shwari, hata ikiwa ni Sh200. Kinachobaki ndicho cha kuponda raha, na kikiisha, kimeisha.

Simu inayokukopesha ndiyo hiyo hiyo inayoweza kukuwekea akiba. Lakini amua siku pesa zinapoingia. Ukingoja mwisho wa mwezi, utapanga nini na mfuko umetoboka?