Shibe Haifuti Pombe

1.
Leo naandika nina hasira kidogo, mtanisamehe. Kuna maneno nimechoka kuyasikia, kuanzia Bungu mpaka Nyamisati: "Kula ushibe kwanza, pombe haitakufanya kitu." Nimeyasikia kwa mabibi, kwa waume za watu, na hata kwa wenzangu wa kazi. Nayapinga. Nusu yake ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayotuponza.

2.
Kuna mama alikuja alfajiri na mtoto wa wiki sita. Mtoto kalegea, anasinzia tu, titi hataki. Bibi yake akaniambia, "Nesi, mama yake kanywa tembo jana jioni, la kuongeza maziwa. Lakini usihofu, alikula wali na samaki akashiba." Mtoto alikuwa katika hali ile tangu usiku wa manane. Hawakuja, eti kwa sababu mama alikula. Tulipima sukari ya mtoto, tukakuta iko chini. Tukamhudumia, tukampa rufaa, namshukuru Mungu akapona.

Siapi kwamba ni tembo. Kichanga hulegea kwa mambo mengi, maambukizi yakiwemo. Ninachoapa ni kwamba zile saa za usiku zilipotea kwa kuamini shibe.

3.
Sasa sikieni inavyokuwa. Pombe haisubiri kusagwa kama wali. Kiasi kidogo huingia kwenye damu kupitia tumboni, ila nyingi huingia kupitia utumbo mwembamba. Kati ya tumbo na utumbo kuna mlango. Ukiwa na njaa, pombe inapita pale haraka na inakupanda ghafla. Ukiwa umekula ugali na samaki wa nazi, mlango unabana ili chakula kisagike, na pombe inateremka kidogo kidogo. Ndiyo maana aliyekula halewi haraka wala kwa ukali kama mwenye njaa. Hiyo ndiyo nusu ya kweli, siikatai.

Nusu wasiyoisema ni hii: sehemu ndogo tu huvunjwa njiani, nyingine yote inaingia mwilini. Wakulima wa mpunga mtanielewa. Ukiweka tuta umeyachelewesha maji, hujayakausha.

Na wale wanaochanganya pombe kali na vinywaji vya kuongeza nguvu: gesi inaweza kuiharakisha pombe, na kafeini inakufanya ujione mzima wakati umelewa.

4.
Anayeondoa pombe ni ini, na ini halina haraka. Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina gramu kama 20 za pombe. Ini la mtu mzima kwa kawaida huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Pigeni hesabu: bia moja, saa mbili mpaka tatu. Kahawa, limao, dafu, kuoga maji baridi, hakuna hata kimoja kinacholisukuma. Na maziwa hayapaki utando tumboni. Maziwa ni chakula, yanachelewesha tu kama chakula kingine.

Tena hiyo ni bia, imeandikwa kwenye chupa. Tembo la mnazi je? Likigemwa ni tamu, linaendelea kuchacha kila saa, na ndani ya siku moja linaweza kufikia nguvu ya bia. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mgema huyo huyo hawezi kukwambia kibuyu chake kina asilimia ngapi. Gongo ndiyo usiseme. Inaweza kuwa na methanoli, inayopofusha macho na kuua, na hakuna sahani ya wali inayoizuia.

5.
Tuje kwenye maziwa. Pombe iliyo kwenye damu ya mama inaingia kwenye maziwa kwa kiwango kinachokaribiana na cha damu. Ukinywa bila kula, kilele kwenye maziwa huja baada ya nusu saa hadi saa moja. Ukinywa na chakula, baada ya saa moja hadi saa moja na nusu. Mmeona? Uliyeshiba unajiona mzima, unamnyonyesha mtoto, kumbe ndiyo kwanza inapanda.

Na hili la tembo kuongeza maziwa, jamani, tuliache. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani, Julie Mennella na Gary Beauchamp, walichapisha utafiti wao: mama akishakunywa pombe, mtoto ananyonya kwa bidii zaidi mwanzoni lakini anapata maziwa machache. Pombe inazuia homoni inayoyasukuma maziwa yatoke. Kwa hiyo titi linajaa, mama anafurahi, bibi anasema "si mnaona?" Limejaa kwa sababu halijatoka!

Baba, usimnunulie mzazi tembo. Hela hiyo hiyo mnunulie dagaa au maharage. Maziwa yanaongezwa na mtoto kunyonya mara kwa mara, mama kula vizuri, kunywa maji na kupumzika.

6.
Akina baba msifikiri nawasema wake zenu tu. Delta yetu ni ya maji. Mtu anakula kando ya mto, anakunywa, anajisikia yuko sawa, anawasha mashine. Kwa kuwa alikula, pombe inafika kileleni baadaye, pengine boti ikiwa katikati ya mto na watoto wetu wamo ndani. Dada, una haki ya kukataa kupanda. Kataa bila aibu.

7.
Mtaniuliza, "Nesi, tufanye nini?"

Mjamzito: usinywe kabisa. Hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.

Anayenyonyesha: lililo bora ni kutokunywa. Kama imetokea, subiri angalau saa mbili mpaka tatu kwa kila bia moja ndogo, na zaidi kama hujui nguvu ya ulichokunywa. Kukamua na kumwaga kunapunguza maumivu ya titi, hakuondoi pombe haraka. Usilale kitanda kimoja na mtoto usiku huo, mpe mtu mzima asiyekunywa amwangalie. Na usimwachishe mtoto ziwa kwa sababu ya kosa la siku moja.

Mtoto asilambishwe pombe hata tone, iwe kwa tumbo au kwa usingizi. Pombe inaweza kushusha sukari yake vibaya sana.

Na mtoto akilegea, akikataa titi, au akiwa mgumu kuamka, njoo zahanati saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Tuambie ukweli ulikunywa nini na saa ngapi. Hatutakucheka. Tukijua mapema tunajua pa kuanzia.

Nawaomba mfikishieni bibi zetu ujumbe huu, kwa adabu. Walitulea vizuri na wana mengi ya kutufundisha. Hili moja tu tuwarekebishe.