Mgombea mpya, nani atakuunga mkono Hola?

KANDO YA TANA
Na Salim Komora

Kila uchaguzi unapokaribia, Garsen, katika Kaunti ya Tana River, haikosi sura mpya. Mwalimu wa chekechea, mwenye duka la mbegu, kijana wa bodaboda aliyezoea kuwatetea wenzake kituoni, mama anayeshika daftari la chama cha akiba: mtu ambaye jina lake halijawahi kuonekana kwenye karatasi ya kura anatangaza kwamba anautaka uwakilishi wadi. Tunaelekea tarehe 10 Agosti 2027, nami nawapenda wagombea hawa wa mara ya kwanza. Wengi wao wanatoka katika nyumba zilezile zinazoingiliwa na maji mto unapofura. Nataka wapite. Ndiyo maana najali wanaulizwa nini.

Mgombea akisimama Minjila au Tarasaa, maswali ni yaleyale. Karo ya watoto wetu utalipa? Barabara yetu utaijenga lini? Na leo unatuachia nini? Naye, kwa kuwa anataka kura na hajawahi kuifanya kazi hii, hukubali yote. Atachimba visima, atajenga zahanati, ataajiri vijana. Anauza ng'ombe au kipande cha shamba ili azunguke akitoa ahadi ambazo sheria haimruhusu kuzitimiza kwa mkono wake.

Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kiko wazi: mjumbe wa bunge la kaunti asiingie katika kazi za utendaji, wala asitoe huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti. Kuchimba na kujenga ni kazi ya gavana na maafisa wake. Mwakilishi anatunga sheria za kaunti, anaisimamia serikali ya kaunti, anafikisha maoni ya waliomtuma, na anapitisha bajeti.

Hapo kwenye bajeti ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo mgeni anapopotea. Serikali ya kaunti hupeleka makadirio yake bungeni kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katikati ya tarehe hizo kamati huyapitia na kusikiliza wananchi, kisha bunge hupiga kura. Tazama majira: makadirio yanafika Hola, makao ya kaunti, wakati masika yamekolea na mto Tana unapanda. Masika ya 2024, miezi michache tu baada ya mafuriko ya Novemba 2023, familia za delta zilikuwa tena kambini, mashamba yako chini ya maji. Majanga na vivuko ni kazi za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Mashua za uokoaji na akiba ya chakula haziji kwa hotuba ya mheshimiwa aliyevaa viatu vya mpira. Zinakuja kwa sababu kuna mtu aliyehakikisha zimeandikwa kwenye kitabu cha bajeti mwaka uliotangulia.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ina sharti moja gumu. Wajumbe wanaweza kubadilisha makadirio, lakini wakiongeza shilingi mahali fulani ni lazima waipunguze mahali pengine. Mwakilishi wa Garsen Kusini akitaka fedha zaidi za kuzuia maji yasiingie vijijini, fedha hizo zitatoka kwenye fungu ambalo mjumbe mwingine analililia. Atahitaji kura za wenzake.

Wenzake ni akina nani? Eneo bunge la Garsen lina wadi 6: Kipini Mashariki, Kipini Magharibi, Garsen Kusini, Garsen Kati, Garsen Magharibi na Garsen Kaskazini. Kaunti nzima ina wadi 15. Hata hao 6 wetu wakawa kitu kimoja, hawafiki nusu, na bado kuna wajumbe wa kuteuliwa ambao nao hupiga kura. Kila jambo la maana kwa Garsen linamhitaji mtu wa Galole na mtu wa Bura, maeneo bunge mengine ya kaunti yetu.

Sasa mfikirie mgombea aliyeshinda kwa kuwaambia watu wake kwamba wafugaji wametuvamia. Au yule mwenzake aliyeshinda kwa kusema wakulima wamezifunga malka zote, njia za mifugo za kufika mtoni, na ng'ombe hawana pa kunywea maji. Anaapishwa, anakaa kwenye kiti chake, anageuka kumwomba kura mjumbe wa Wayu au Bangale, ambako maisha ni mifugo. Au anamwendea mjumbe wa kutoka wadi za mashamba ya kando ya mto. Maneno yake yalishatangulia kufika. Simu za siku hizi hazimfichi mtu. Kura hapati, na anayebaki bila mashua ni yuleyule mama aliyempigia makofi kwenye kampeni.

Wako watakaosema siasa ya ukoo ndiyo inayoshinda huku kwetu, na anayeikataa anajitafutia kushindwa. Nimeisikia hoja hiyo maisha yangu yote. Nawajibu kwa majina ya vijiji: Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, tukiwa tunaelekea uchaguzi wa kwanza wa kaunti, zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii. Ugomvi wa malisho, maji na ardhi ulikuwepo kabla viti vipya havijaundwa. Lakini tunajua, tuliokuwepo, jinsi maneno ya wanaotafuta kura yalivyoingia ndani yake. Mgombea wa leo mwenye umri wa miaka 28 alikuwa bado shuleni wakati ule. Ana haki ya kuambiwa, na sisi tuna wajibu wa kumwambia kabla hajapanda jukwaani.

Wazee nao nawaheshimu, wa Gasa kwa Wapokomo na wa Matadeda kwa Waorma; kazi waliyoifanya kuwarudisha watu mezani si ndogo. Ila baraka zao zisiwe mlango pekee wa kupita. Mlango huo mara nyingi umekuwa mwembamba kwa wanawake na vijana. Sheria haikuufanya mwembamba: ada ya IEBC kwa mgombea wa wadi katika uchaguzi uliopita ilikuwa Sh5,000, na wanawake, vijana na watu wenye ulemavu walilipa nusu. Kinachowafilisi ni sisi tunaopanga foleni ya "ya soda" kila wanapopita. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamhesabu anayepokea hongo ya kura kuwa mkosaji sawa na anayetoa. Tukimla mgombea hadi akauza kila alicho nacho, atakwenda Hola akiwaza kurudisha chake, na makadirio yatapita bila yeye kuyafungua.

Kwa hiyo tumuulize maswali mengine. Bajeti ya mwaka huu imetenga nini kwa wadi yetu, na kilichotengwa mwaka jana kilitumika? Ukitaka kuongeza, utapunguza wapi? Ni mjumbe yupi wa Galole, yupi wa Bura, utakayemwendea kwanza, na utampa nini naye? Asiyejua leo anaweza kujifunza, muda upo. Vikao vya bunge la kaunti viko wazi kwa umma na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge hilo liwashirikishe wananchi. Mgombea anaweza kwenda kutoa maoni kuhusu makadirio hata kabla ya kuchapisha bango lake la kwanza, na wapiga kura wakamwona anavyojenga hoja.

Anayetaka kugombea bila chama anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi yake. Ningekuwa mshauri wake, ningemkataza kukusanya saini zote kijijini kwao. Avuke mto. Aende kwa Mpokomo mwenye maembe na kwa Muorma mwenye ng'ombe, kwa Mwardei, kwa Mgiriama, kwa Mbajuni wa Kipini, awaeleze mpango wa mafuriko na wa njia za mifugo kwa maneno yaleyale, asibadilishe neno. Na mwenye tiketi ya chama, ambaye hadaiwi saini hizo, azunguke vivyo hivyo.