Taa za gari Migori na Homa Bay: Anayeona ni mmoja, wanaopofushwa ni wengi

Karibu kila gari la mtumba linalopita usiku kati ya Rongo na Homa Bay lilikanyaga Mombasa kwanza. Lilishushwa bandarini, likapangwa yadi, likauzwa, likapanda bara. Huko Nyanza Kusini likakutana na barabara isiyo na taa, mvua ya jioni itokayo ziwani, na fundi waya mwenye boksi la balbu nyeupe za LED. Kazi haichukui hata nusu saa. Mwenye gari anarudi nyumbani akifurahia macho mapya. Anayekutana naye usiku karibu na Rodi Kopany hana la kufurahia.

Mtindo huu wa kubadilisha taa za gari nyumbani au kando ya gereji umeenea nchi nzima, na sisi wa Pwani tunaujua vizuri kutoka barabara ya Malindi na ile ya Mariakani. Lakini Migori na Homa Bay zinaonyesha tatizo hili likiwa limevuliwa nguo. Tena kuna wenzetu wengi wa Changamwe, Likoni na Mikindani ambao kwao ni huko. Wakiwa na msiba au likizo ya Disemba, wanasafiri usiku kucha, na mwisho wa safari yao ni barabara hizo hizo. Kwa hivyo msomaji asiseme haya ni ya watu wa ziwa.

Wapo wanaosema dereva anayefunga taa kali ni mtu wa mbwembwe. Sikubaliani nao. Wengi wao wanatafuta kuona. Shida ni kwamba dereva mmoja anajinunulia mwanga, na gharama yake analipa mwingine anayekuja mbele yake au anayetembea pembeni.

Giza lenyewe ni la kweli

Tuanze na haki ya dereva. Barabara kuu ya A1 inatoka Kisii, inapita Rongo, Awendo na Migori mjini hadi mpaka wa Isebania, ambako malori huvuka kuelekea Tarime na Mwanza. Njia hiyo hiyo ndiyo ya trekta zinazovuta miwa kwenda kiwanda cha Sony pale Awendo. Trela la miwa likiwa njiani usiku bila taa ya nyuma wala riflekta, dereva analiona akiwa tayari amelikaribia mno. Ongeza boda boda zenye taa hafifu, mama anayetoka soko la Oyugis na mzigo kichwani, na ng'ombe waliochelewa kurudi zizini.

Serikali za kaunti zimesimamisha nguzo za mulika mwizi sokoni na kwenye vituo. Hilo ni jema kwa biashara na usalama wa mji. Lakini kati ya soko moja na jingine ni giza tupu, na jicho lililotoka kwenye mwanga mkali linaingia gizani likiwa bado halijazoea. Ukichukua njia ya kutoka Homa Bay kwenda Mbita, utayapitia mabadiliko hayo mara kadhaa ndani ya saa moja.

Kisha kuna gari lenyewe. Sheria ya KEBS inaruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Linapofika hapa, kava la taa ambalo ni la plastiki limeshapigwa jua kwa miaka. Likipigwa jua letu miaka mingine mitano linakuwa la manjano, na mwanga mwingi unabaki humo ndani. Dereva anaona taa imefifia, anahukumu kwamba balbu ni dhaifu. Mara nyingi balbu haina kosa.

Balbu ni nusu tu ya taa

Magari mengi ya kazi huko, Probox zikiwemo, yalitengenezwa kwa balbu za halojeni. Chukua ile iitwayo H4, ambayo iko kwenye magari mengi. Ina nyuzi mbili ndani. Uzi wa taa za chini una kikombe kidogo cha chuma chini yake, na kazi ya kikombe hicho ni kuzuia mwanga usirushwe juu. Bakuli linalong'aa nyuma ya balbu limechongwa kwa hesabu ya uzi ule, mahali pale pale, kwa tofauti isiyozidi hata upana wa punje ya mchele.

Ukiondoa balbu hiyo ukaweka LED au zenoni ambayo chanzo chake cha mwanga kina umbo jingine, bakuli halijui umebadilisha. Linaendelea kurusha mwanga kwa hesabu ya zamani. Matokeo ni kwamba mwanga unatapakaa: mwingine juu ya miti, mwingine karibu na pua ya gari, na mwingine moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Dereva anaona weupe mwingi mbele yake na anadhani anaona mbali. Kumbe ule weupe wa karibu unafanya mboni ya jicho lake isinyae, na mbali anaona kidogo kuliko anavyodhani. Mvua ikinyesha, mwanga uliopanda juu unarudishwa na matone hadi usoni pake mwenyewe.

Hesabu nazo zinasema kitu. Kwa viwango vya kimataifa, H4 hutoa lumeni kama 1,000 kwenye taa za chini na kama 1,650 kwenye taa za juu. Balbu ya zenoni hutoa zaidi ya 3,000. Ndiyo maana kanuni zinazofuatwa Ulaya zinataka taa ya chini yenye chanzo kinachozidi lumeni 2,000 iwe na mtambo wa kujishusha yenyewe gari likielemewa nyuma, pamoja na kifaa cha kuisafisha. Probox iliyojaza magunia ya omena nyuma hunyanyua pua. Haina mtambo huo, na taa zake zinageuka kuwa tochi ya kumulika nyuso.

Jaribu hesabu nyingine ndogo. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, linakula mita 22 kila sekunde. Dereva aliyepofushwa akihitaji sekunde 5 jicho lirudi sawa, amepita zaidi ya mita 100 bila kuona vizuri, urefu unaozidi wa uwanja wa mpira. Ndani ya mita hizo kuna pembe ya barabara, na kwenye pembe ndiko watu wanakotembea. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni la wanaotembea kwa miguu. Mkuki kwa nguruwe mtamu: kila dereva analalamika taa za mwenzake na kuzisifu zake.

Kazi ya nyumbani iliyo halali

Je, mtu akae na taa hafifu hadi serikali iweke nguzo? Hapana. Kuna mambo manne ambayo mtu anaweza kufanya nyumbani au kwa fundi wake, na yanaongeza mwanga bila kumdhuru mwingine.

La kwanza ni kusugua kava. Msasa wa maji unaanza na nambari 800 au 1000, unafuata 2000, kisha 3000, ukimaliza kwa dawa ya kung'arisha. Dawa ya meno inang'arisha juu juu tu. Hata kazi nzuri ya msasa itarudi kuwa manjano ndani ya miezi usipopaka rangi angavu inayozuia miale ya jua, kwa sababu umeshaondoa kinga ya kiwandani.

La pili ni waya. Magari ya zamani yana waya nyembamba na viungo vyenye kutu. Umeme wa balbu ya halojeni ukipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Fundi akivuta waya mzito kutoka betri kupitia rilei yenye fyuzi, balbu ile ile ya kawaida inaamka. Lakini usikubali kuuziwa balbu za wati 90 au 100. Joto lake linayeyusha soketi, na soketi iliyoyeyuka imeshachoma magari. Rahisi huvunja upishi.

La tatu ni kupima mwelekeo. Egesha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, magurudumu yakiwa na upepo unaofaa na dereva akiwa kitini. Pima urefu kutoka chini hadi katikati ya taa, kisha tia alama ukutani kwa urefu huo. Washa taa za chini. Mstari wa mwanga unatakiwa uwe chini ya alama kwa sentimita 5 hadi 7. Ukiwa juu ya alama, unapofusha watu. Magari mengi ya Kijapani yana kidude karibu na usukani chenye nambari kuanzia 0, cha kuteremsha taa ukipakia mzigo. Wenye magari wengi hawajawahi kukigusa.

La nne ni kukagua spea. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hivyo mwanga wa taa za chini lazima upande kidogo upande wa kushoto, kumulika pembe ya barabara. Taa nzima iliyotengenezewa nchi zinazoendesha kulia hupandisha mwanga upande wa kulia, yaani kwa dereva anayekuja. Ukuta ule ule wa mita 5 utakuambia. Swali hili ulizeni hata hapa Mombasa, kwa wauza spea, kabla taa haijasafiri kwenda bara.

Sheria ipo, kipimo hakipo

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, inataka gari na sehemu zake zote, taa na magurudumu yakitajwa kwa jina, zitunzwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara. Kwa hivyo hatuhitaji sheria mpya kusema taa ya kupofusha ni kosa. Tunachokosa ni njia ya kulithibitisha. Askari wa trafiki aliyesimama Awendo usiku hana chombo cha kupima mwelekeo wa taa. Ana macho yake na uamuzi wake, na mahali ambapo kosa halipimwi ndipo kitu kidogo kinapozaliwa.

Huko Japani, gari hilo hilo lilikuwa likipimwa mwelekeo wa taa kila lilipokaguliwa. Likishasajiliwa hapa kama gari la kibinafsi, linaweza kukaa miaka bila mtu kulitazama taa. Ukaguzi wa kila mwaka ni wa matatu, mabasi na magari ya biashara. Mwaka 2025 Wizara ya Barabara na Uchukuzi pamoja na NTSA zilitoa rasimu ya kanuni zinazotaka magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka 4 yakaguliwe pia. Wengi waliipinga kwa kuogopa gharama na foleni, na hofu yao ina msingi. Mkazi wa Muhuru Bay au Mbita hawezi kufunga safari ya siku nzima kwenda kuonyesha taa. Lakini kupima taa ni kazi ya dakika chache. Kifaa chake kinaweza kukaa kwenye gereji iliyoidhinishwa au chuo cha ufundi cha kaunti, na mafundi waya wakapewa mafunzo badala ya kufukuzwa.

Wenzetu wamechagua kupima badala ya kukataza kila kitu. Uingereza, tangu 2021, gari la halojeni lililobadilishwa kuwa zenoni haliwezi kupita ukaguzi. Ujerumani iliruhusu balbu za LED za kubadilisha mwaka 2020, lakini zile zilizopimwa tu na kwa modeli za magari zilizoorodheshwa. Kwa hivyo adui si LED. Ni LED isiyojulikana, ndani ya bakuli lisilo lake.

Sisi tabia yetu imekuwa marufuku ya ghafla. Baada ya ajali ya Migaa ya Desemba 31, 2017, NTSA ilisimamisha safari za usiku za mabasi ya masafa marefu. Abiria wa Mombasa wanakumbuka walivyokwama. Marufuku hiyo haikudumu, mabasi yakarudi usiku, na giza likawakuta lilivyowaacha.

Kwa hivyo kila mmoja ana lake. KEBS ikague balbu na taa zinazouzwa, si magari peke yake. Kampuni za sukari na wenye trekta wabandike riflekta kwenye trela za miwa, maana trela likionekana mapema dereva hana haja ya jua bandia. Wahandisi wa barabara wachore mistari ya pembeni na kuweka vijiwe vinavyong'aa kati ya masoko. Gharama ya vijiwe hivyo haifanani na ya nguzo za umeme.

Na mwenye gari aanze na ukuta wa nyumba yake, futi ya kupimia na kipande cha chaki. Jioni moja inatosha kujua kama anayekuja mbele yake anamwona, au anafumba macho na kuomba Mungu.