Mzungumzaji wa Fedha Apimwe kwa Hesabu Zake

Umezuka mtindo katika mikutano ya walimu na watumishi wa umma wa kumteua mzungumzaji mkuu wa fedha na ujasiriamali kwa sifa ya ulimi wake. Anashangiliwa, analipwa posho nono, anaondoka. Wasikilizaji wanabaki na hamasa ya siku mbili, na deni la "kausha damu" likiwa palepale.

Hadaa ya ulimi mtamu si ngeni nchini. DECI, iliyobeba neno ujasiriamali katika jina lake, iliwashawishi maelfu ya wananchi "kupanda mbegu" na kungoja mavuno. Serikali ilipousimamisha mchezo huo mwaka 2009, ilidhihirika kuwa mavuno ya aliyetangulia yalikuwa mbegu za aliyefuata.

Basi kamati za maandalizi ziulize: je, huyu anaishi kwa biashara anayoihubiri, au kwa kuihubiri? Katika vyama vya akiba na mikopo wamo waweka hazina ambao vitabu vyao hukaguliwa na COASCO, shirika lililoundwa mwaka 1982 kwa kazi hiyo. Hao wamekopesha, wamedai na wametoa hesabu mbele ya wanachama. Hao ndio wapewe jukwaa.