Mficha Uchi Hazai



Wiki hii twazungumzia jambo ambalo wengi hulinyamazia: kutoweza kuzuia haja kubwa. Mama huacha kwenda arusini, hujitenga na jamaa zake, hata sala ikamtia wasiwasi, na asimwambie mtu. Huenda msuli unaofunga njia ya haja ulichanika alipojifungua. Kwa wengine sababu ni kisukari, maradhi ya mishipa ya fahamu, au uzee. Haya ni maradhi, si uchafu wala laana.

Daktari hatibu asichoambiwa, na kumwambia "nina hali mbaya" hakumtoshi. Pana kipimo mashuhuri, kilichotolewa na madaktari Jorge na Wexner mwaka 1993, chenye maswali 5. Je, choo kigumu hutoka bila ya kukusudia? Je, cha majimaji? Je, upepo? Je, wavaa pedi? Je, mwenendo wa maisha yako umebadilika? Kila jawabu lina alama: 0 ikiwa halitokei kamwe; 1 likitokea chini ya mara moja kwa mwezi; 2 likiwa la kila mwezi lakini si kila wiki; 3 la kila wiki lakini si kila siku; 4 la kila siku. Jumla ya 0 ni salama. 20 ni kushindwa kuzuia kabisa.

Hata hivyo, wawili wenye alama 9 huenda wasilingane: mmoja aenda sokoni, mwengine hatoki chumbani. Ndiyo sababu mwaka 2000 kilitolewa kipimo chengine, chenye maswali 29, kinachouliza juu ya maisha ya kila siku, namna ya kujimudu, huzuni na aibu.

Twawanasihi dada zetu: andikeni yanayotokea kila siku kwa mwezi mmoja, kisha mwende na daftari hilo kwa daktari. Pana mpango wa chakula, dawa, mazoezi ya misuli, na upasuaji. Na kupimwa tena baadaye huonyesha iwapo tiba imefaa.

Ama sala, haiachwi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mwenye udhuru wa kudumu hujisafisha, hujifunga vyema, hutawadha kwa kila faradhi baada ya wakati kuingia, akasali bila ya kuchelewa. Mwenye shaka na amuulize mwanachuoni.

Nanyi waume na watoto, msimcheke wala msimkimbie. Sitara ni kumstiri mgonjwa kwa watu, si kumficha na daktari.

Wabillahi taufiq.